Ndizi za Juba na Bei ya Joto

Tarehe 29 Juni 1925 Waingereza waliukabidhi mji wa Kismayo kwa Waitalia, pamoja na ukanda wa nchi ulio magharibi ya mto Juba. Mkataba ulikuwa umetiwa saini London mwaka mmoja kabla, ukiwa ni sehemu ya malipo ambayo Italia iliyadai kwa kuingia Vita Kuu ya Kwanza upande wa washirika. Wabajuni wa Kismayo, na wenzao wa visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, walibadilishiwa bendera bila kuulizwa. Haikuwa mara ya kwanza. Walikwisha kuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, kisha chini ya kampuni ya Waingereza, kisha chini ya serikali ya Uingereza yenyewe.

Waitalia walichokipata ni bandari yenye hifadhi nzuri, mto usiokauka katika miaka ya kawaida, na jua. Kismayo iko karibu kabisa na ikweta. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari hutulia na hewa huwa ya joto mchana na usiku. Kusi likiingia, mawimbi hupiga kwenye miamba ya nje ya visiwa na wavuvi hubaki ndani ya mwamba, lakini hata hapo joto halishuki kiasi cha kumfanya mtu atafute blanketi. Wenyeji hawakuwa na sababu ya kulifikiria joto hilo kama mali. Kwa walowezi waliotoka Torino na Milano, miji ambayo Januari maji huganda kwenye ndoo, lilikuwa mali kubwa kuliko udongo.

Kwanza walijaribu pamba. Bei ya pamba ikaanguka duniani mwishoni mwa miaka ya 1920, na mashamba ya Genale kwenye mto Shabelle na ya Juba yakahamia kwenye ndizi. Uamuzi huo ulikuwa na akili ndani yake. Italia ina machungwa, zabibu na zeituni za kutosha, hivyo hapakuwa na faida ya kuyaleta kutoka mbali. Ndizi ni jambo jingine. Mgomba hudumaa baridi inaposhuka chini ya digrii 14 hivi, na ukipigwa na jalidi majani hugeuka meusi kwa usiku mmoja. Mtu aliyetaka ndizi za kutosha zilizokuzwa Ulaya bara alikuwa na njia moja tu, nayo ni kuujengea mgomba nyumba ya kioo na kuipasha moto.

Njia hiyo ilikwisha kujaribiwa, tena na watu wasiojali gharama. Huko Chatsworth, Uingereza, mtunza bustani Joseph Paxton alikuwa akimfanyia kazi Duke wa Devonshire, ambaye jina la ukoo wake ni Cavendish. Paxton alipata mgomba mfupi uliotoka Mauritius, akautunza ndani ya banda lenye joto, na Novemba 1835 ukatoa maua. Mgomba huo ukaitwa kwa jina la bwana wake. Mwaka 1836 Paxton akaanza kujenga banda kubwa zaidi, lenye urefu wa mita 84 na upana wa mita 37, ambalo ndani yake mtu aliweza kupita na gari la farasi. Lilipashwa moto na maboila 8, maji ya moto yakizunguka katika mabomba yenye urefu wa maili 7. Makaa ya mawe yalipitishwa kwenye njia ya chini ya ardhi ili wageni wa Duke wasione vumbi lake. Vita Kuu ya Kwanza ilipoleta uhaba wa makaa, banda likapoa na mimea ya nchi za joto ikafa. Mwaka 1920 jengo lote likalipuliwa kwa baruti. Lilisimama kwa miaka 80, na siku zake zote lilikuwa limefungwa kwenye rundo la makaa.

Migomba iliyopandwa Juba ilikuwa ya ukoo huohuo wa Cavendish. Ile ya Chatsworth ililishwa makaa ya mawe. Ile ya Jamaame na Jumbo, kwenye bonde la Juba, ilisimama nje, mizizi kwenye tope la mto, bila boila hata moja. Tofauti ya mazingira hayo mawili inaweza kuwekwa kwenye tarakimu, na tuiweke, kwa sababu bila tarakimu mtu anaweza kudhani kwamba jua la Juba lilikuwa nyongeza ndogo tu katika biashara hii.

Anayetaka kukadiria nishati ya kitalu nyumba wakati wa baridi huanza na mambo matatu: eneo la kioo linalogusana na hewa ya nje, tofauti ya joto kati ya ndani na nje, na wepesi wa joto kupenya kwenye kioo chenyewe. Kioo cha tabaka moja hupoteza takriban wati 6 kwa kila mita ya mraba kwa kila digrii moja ya tofauti. Tuchukue kitalu cha hekta moja. Ukijumlisha paa na kuta, kioo chake hufika mita za mraba 12,000 hivi. Hapo kila digrii moja ya tofauti inakula kilowati 72. Usiku wa Januari kaskazini mwa Italia, nje kukiwa na digrii 0 na mgomba ukitaka 20 ndani, boila lazima litoe kilowati 1,440 bila kupumzika. Kwa saa 14 za giza ni zaidi ya kilowati-saa 20,000. Lita moja ya dizeli ina takriban kilowati-saa 10, na boila zuri hukupa sehemu 85 kwa mia ya hizo. Kwa hiyo usiku mmoja unameza karibu lita 2,400.

Hiyo ni hesabu ya usiku mmoja mbaya. Kwa msimu mzima hutumiwa wastani, baada ya kuondoa joto ambalo jua la mchana hulitoa bure. Tukisema tofauti inayobaki ni digrii 12 kwa siku 150, jumla inafika kilowati-saa milioni 3.1, yaani zaidi ya lita 360,000 za mafuta kwa hekta moja. Upepo huongeza hesabu hiyo, kwa kuwa hupuliza joto kwenye uso wa kioo na kuingia kwenye kila ufa. Pazia linalovutwa juu ya mimea usiku huipunguza sana, na paa la tabaka mbili lenye hewa katikati linaweza kuokoa sehemu kubwa zaidi. Lakini angalia inachozaa. Hekta ikitoa tani 20 za ndizi kwa mwaka, kila kilo imekunywa lita 18 za mafuta. Ikate nusu hesabu hiyo, au ongeza mavuno mara mbili kwa uhodari wa mkulima, bado ni lita 9.

Sasa geuza hesabu. Ndizi za hekta moja ya Juba, tani 20, zinakatwa zikiwa kijani na joto la digrii 28. Ili zisafiri bila kuiva lazima zishushwe hadi digrii 13. Joto linalotakiwa kuondolewa ni kama kilowati-saa 280. Ndizi hupumua hata zikiwa zimekatwa, na kupumua huko hutoa joto. Kwa safari ya wiki mbili ongeza kilowati-saa 200 nyingine. Jumla ni 480. Joto hilo lote, la mavuno ya mwaka mzima, lingetosha kukipasha kile kitalu cha kioo kwa dakika 20 tu za usiku wa Januari. Hata ukiongeza mafuta ya injini za meli, tuseme kwa ukarimu nusu lita kwa kila kilo ya ndizi, kwenda na kurudi, bado ni mbali sana na lita 9, licha ya 18.

Kwa hiyo kilichopanda melini Kismayo hakikuwa tunda peke yake. Lilikuwa joto la miezi mingi, lililokwisha kufanya kazi yake shambani na kufungwa ndani ya ganda la kijani. Serikali ya Kifashisti mjini Roma ililitambua hilo kwa namna yake. Mwaka 1935 iliunda shirika la ukiritimba wa ndizi, lililojulikana kwa kifupi RAMB, na shirika likaagiza meli nne za kisasa zenye majokofu: Ramb I na Ramb III zilijengwa Genova, Ramb II na Ramb IV zikajengwa Monfalcone. Ziliingia kazini mwaka 1937 na 1938. Zilikwenda kwa kasi ya noti 17 na zaidi, kasi iliyowezesha safari ya Kismayo hadi Napoli kupitia Suez kuwa ya siku 10 hivi.

Ndani ya meli ya ndizi kipimajoto ndiye nahodha wa pili. Mikungu ilikatwa ndizi zikiwa hazijajaa kabisa, bado zina kingo upande, kwa sababu ndizi iliyokwisha kujaa na kuviringa itaiva njiani, na ndizi moja ikiiva hutoa gesi inayoziamsha zingine zote zilizo karibu nayo. Chumba kikipanda joto kwa digrii mbili tatu, shehena nzima hufika njano na laini. Kikishuka chini ya 12, ganda hufanya rangi ya majivu na ndizi haiivi tena hata ukiibembeleza. Hapo ndipo majira ya baridi yalipoidai Kismayo sehemu ya lile joto lake. Meli ikipita Mediterania mwezi Januari, kazi ya mitambo hugeuka: hewa inayoingizwa ndani ni baridi kuliko inavyotakiwa, na badala ya kupoza lazima ipashwe moto. Bandarini kule Italia mikungu ilikimbizwa kutoka gatini hadi kwenye vyumba vya kuivishia vyenye digrii 16 hadi 18. Hivyo boila halikuepukika kabisa. Lilipasha chumba kidogo kwa siku chache, badala ya hekta nzima kwa miezi mitano.

Kuna nishati nyingine ambayo haikuingia kwenye hesabu ya mtu yeyote Roma. Mashamba yale yalihitaji kulimwa, kuchimbiwa mifereji, kumwagiliwa na kukatwa, na watu wa bonde la Juba walikuwa na mashamba yao wenyewe ya mahindi na ufuta. Hawakukubali kuyaacha kwa ujira uliotolewa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1930 wakoloni walitumia nguvu. Vijiji vya Wagosha, ambao wengi wao ni wajukuu wa watu waliotekwa na kuletwa utumwani katika karne ya 19 kutoka sehemu za Tanzania na Msumbiji ya leo, viliamriwa kutoa watu. Miongoni mwao walikuwamo Wazigua ambao mpaka sasa wanaongea Kizigua chao kando ya mto huo. Mfumo huo wenyeji waliuita kolonya. Wanaume na wanawake walihamishiwa kwenye mashamba ya walowezi wakati uleule ambao mashamba yao yalihitaji mikono, na aliyetoroka alisakwa. Jua lilikuwa bure kweli, lakini urahisi wa ndizi ya Juba haukutokana na jua peke yake. Ulitokana pia na watu waliokuwa wamekimbia utumwa mara moja na kurudishwa kwenye mwingine. Hesabu yoyote ya gharama isiyowataja hao ni pungufu, hata ikiwa kila tarakimu yake ni sahihi.

Vita Kuu ya Pili ilikuja na kuvunja mambo kwa haraka. Majeshi ya Uingereza, wengi wao wakiwa askari Waafrika, yaliingia Kismayo Februari 1941, na kolonya ikafa. Siku chache baadaye, tarehe 27 Februari, Ramb I, iliyokwisha kufungwa mizinga na kugeuzwa meli ya kivita, ilizamishwa karibu na Maldivi na meli ya New Zealand iitwayo Leander. Ramb II ilifika Japani. Ramb IV ilitekwa Massawa, ikatumika kama meli ya hospitali, ikashambuliwa kwa mabomu mwaka uliofuata. Ramb III ilipitia mikono mingi mpaka ikawa meli ya Rais Tito wa Yugoslavia, kwa jina la Galeb.

Ndizi zilirudi baada ya vita, na ukiritimba ulirudi nazo. Mtu wa Italia alilipa bei ya juu zaidi kwa ndizi ya Somalia kuliko angelipa kwa ya Amerika ya Kati, na shirika lenyewe likaja kuchafuliwa na kashfa ya rushwa mwaka 1963. Kwa Kismayo miaka hiyo ilikuwa ya neema. Marekani iligharamia gati jipya la maji ya kina, na ndizi za Juba zikapakiwa moja kwa moja. Kisha Juni 1967 mfereji wa Suez ukafungwa kwa miaka 8. Meli zikalazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikazidi mara mbili, na kila siku iliyoongezeka ilikuwa ni siku nyingine ya majokofu kufanya kazi na ya ndizi kuzeeka gizani. Hata hivyo biashara haikufa. Jambo hilo linaonyesha jinsi tofauti ile ya awali ya joto ilivyokuwa pana: njia iliongezeka mara mbili na bado hakuna aliyerudi kwenye wazo la kulima ndizi ndani ya kioo kwa ajili ya soko.

Kilichoiua biashara ya ndizi ni vita vya wenyewe kwa wenyewe. Serikali ya Rais Siad Barre ilianguka Januari 1991, mashamba yakaporwa, pampu zikang'olewa. Wabajuni walishambuliwa mjini na visiwani, wengi wakapakia jahazi na kuteremka Lamu na Mombasa, ambako maelfu waliishi kwenye kambi ya Jomvu. Katikati ya miaka ya 1990 makampuni ya kigeni yalirudi Somalia na kugombania ndizi kwa bunduki za kukodi. Mafuriko makubwa ya El Niño ya mwisho wa 1997 yalifunika bonde la Juba na kuimaliza biashara hiyo.

Swali la kale la Chatsworth na Juba, kama ni nafuu kuupelekea mmea joto au kuusafirisha mmea kutoka kwenye joto, halikwenda na maji ya mafuriko. Liliibuka Kenya, kando ya ziwa Naivasha, safari hii kwa maua ya waridi. Naivasha iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake unaweza kushuka chini ya digrii 10. Waridi haliuliwi na baridi hiyo. Hatari yake ni unyevu: hewa ya kitalu ikipoa usiku, maji hukaa kwenye majani na ukungu huota. Mwaka 2003 shamba la Oserian lilianza kuvitoa unyevu vitalu vyake kwa mvuke wa jotoardhi wa Olkaria, likikodi kisima nambari OW-101 kutoka KenGen, kampuni ya Kenya ya kuzalisha umeme. Mvuke ulipasha maji safi, maji yakapita kwenye mabomba katikati ya mistari ya waridi, na gesi ya kaboni iliyotoka na mvuke ikapelekwa kwenye mimea iitumie mchana.

Hapo tunaweza kupima kwa kipimo kilekile. Mitambo ya kupasha joto ilikuwa na uwezo wa takriban megawati 16 kwa hekta 50. Hiyo ni kilowati 320 kwa hekta, chini ya robo ya zile 1,440 za kitalu chetu cha Januari Italia. Na mitambo ilifanya kazi kwa wastani wa robo tu ya muda wote wa mwaka, saa za usiku na alfajiri, kisha jua likachukua zamu.

Mwaka 2007 Adrian Williams wa Chuo Kikuu cha Cranfield, Uingereza, alilinganisha waridi 12,000 za Kenya na idadi hiyohiyo za Uholanzi kwa soko la Uingereza. Utafiti uliagizwa na wauzaji wa maua, na shamba la Kenya lililopimwa lilikuwa Oserian, lenye mvuke wake. Wapinzani wa utafiti huo walikuwa na haki ya kulitaja hilo. Matokeo yalikuwa kilo 6,000 za kaboni dayoksaidi kwa Kenya, ndege ikiwamo, na kilo 35,000 kwa Uholanzi, ambako gesi ilichomwa kupasha vitalu na kuwasha taa. Hilary Benn, waziri wa Uingereza wa maendeleo ya kimataifa wakati huo, aliitumia hesabu hiyo kuwatetea wakulima wa Kenya dhidi ya madai kwamba ua lililopanda ndege ni dhambi. Wabeba ndizi wa Juba wangeielewa mara moja, ingawa wao meli yao ilikuwa nafuu kuliko ndege kwa mbali.

Kismayo nayo ilikuwa imepata bidhaa nyingine. Baada ya ndizi kwisha, mji uliokuwa ukiuza joto ndani ya tunda ulianza kuliuza joto lenyewe, ndani ya magunia. Migunga ya Juba ya chini ilikatwa, ikachomwa kuwa makaa, na makaa yakapelekwa Ghuba kwa ajili ya nyama choma na shisha. Wanamgambo wa Al-Shabaab walitoza ushuru bandarini. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio nambari 2036, lilipiga marufuku biashara ya nje ya makaa yote ya Somalia. Wanajeshi wa Kenya walipoingia Kismayo mwishoni mwa Septemba mwaka huo, walikuta magunia yanayokadiriwa kufika milioni 4 yakiwa yamerundikwa, na makaa yakaendelea kusafirishwa licha ya marufuku.

Gunia la kilo 25 lina takriban kilowati-saa 200. Kwa boila la kawaida, kitalu chetu cha hekta moja kingeteketeza magunia 20,000 hivi kwa msimu mmoja wa baridi. Rundo zima la Kismayo lingepasha vitalu vya hekta 200 hivi kwa majira ya baridi mamoja, kisha basi. Shamba la migomba lililo kando ya mto hupokea joto lake upya kila asubuhi. Mgunga uliokatwa huchukua miaka mingi kurudi, na wachomaji hawakusubiri. Tena tanuri la udongo hula kilo 6 au zaidi za kuni kavu ili kutoa kilo 1 ya makaa. Kwa magunia yale milioni 4 ni kuni zisizopungua tani 600,000, na zaidi ya thuluthi mbili ya joto lake lilipotelea nyikani pamoja na moshi, kabla gunia halijashonwa.